Kiti Kisicho na Mtu: Uhakiki wa Lugha ya Ajira na Uteuzi katika Vyuo Vikuu vya Umma kwa Kurejelea Kisa cha Milansi cha Ufipa

Utangulizi

Makala haya yanahakiki matini tatu ambazo kwa kawaida haziwekwi pamoja. Ya kwanza ni tangazo la nafasi za kazi za wanataaluma katika vyuo vikuu vya umma nchini Tanzania, kama linavyotolewa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Ya pili ni taarifa fupi kwa vyombo vya habari inayotoka Ikulu pale Rais anapomteua kiongozi wa chuo kikuu. Ya tatu ni kisa cha asili ya utawala wa Ufipa, ambacho kitovu chake ni kiti cha mtawala wa Milansi. Matini mbili za mwanzo zimezoeleka mno kiasi kwamba hakuna anayezisoma kama matini. Husomwa na macho yanayotafuta jina fulani au tarehe ya mwisho ya kupokea maombi, kisha hutupwa. Ya tatu imechambuliwa sana na wanaanthropolojia, na kwa nadra sana na wahakiki wa fasihi wanaoandika kwa Kiswahili. Dai la makala ni kwamba zote tatu zinashughulikia jambo moja, yaani namna kiti kitupu kinavyopata mtu wa kukikalia, na namna lugha inavyomfanya mtu huyo aonekane anastahili.

Mtahini anaweza kuuliza, na atakuwa na haki, kwa nini kazi hii ifanywe na mwanafunzi wa fasihi badala ya mtaalamu wa utawala. Jibu la kwanza ni kwamba ajira ya chuo kikuu ni sehemu ya historia ya fasihi yetu, ingawa hatuiandiki hivyo. Euphrase Kezilahabi aliondoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1995 kwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Botswana, na kizazi cha wanafunzi wa Mlimani kilichofuata kikamsoma mwandishi wa Nagona na Mzingile bila kukaa darasani mwake. Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa mwisho wa Desemba 1977, akaachiwa Desemba 1978, na hakurudishiwa kazi yake Chuo Kikuu cha Nairobi. Alamin Mazrui, mwandishi wa tamthilia ya Kilio cha Haki, aliwekwa kizuizini mwaka 1982 akiwa mwalimu wa chuo. Mhakiki anayechunguza nini kiliandikwa baada ya hapo, wapi na kwa lugha gani, hana budi kuchunguza pia nani alipewa kiti na nani alinyang'anywa.

Jibu la pili ni la karibu zaidi. Sumbawanga, na hasa Kata ya Mazwi iliyo katikati ya mji huo, ina walimu wa sekondari wanaosoma shahada za juu wakiwa kazini, wengi wao kupitia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na chenye kituo mkoani Rukwa. Kwa watu hawa tangazo la ajira ni matini inayoamua maisha. Ni haki msomaji ajue kwamba mtafiti naye ni mtumishi wa umma anayeandika tasnifu ya uzamivu kwa Kiswahili. Kwa hiyo hasomi matini hizi akiwa nje kabisa ya uwanja.

Tangazo kama utanzu

Kabla ya kuanza kazi kwa Sekretarieti ya Ajira, chombo kilichotokana na marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma, vyuo vikuu vilijitangazia nafasi zake. Baada ya hapo msemaji alibadilika. Tangazo hufunguliwa kwa Katibu wa Sekretarieti kukaribisha maombi kwa niaba ya chuo kinachohusika, na mara nyingi kwa niaba ya taasisi kadhaa kwa pamoja, hivi kwamba nafasi ya mhadhiri msaidizi inaweza kukaa ukurasa mmoja na nafasi ya dereva wa wakala wa serikali. Katika istilahi za uhakiki tungesema nafsineni imehamishwa. Chuo kikuu, ambacho sifa yake kuu ni kusema, hapa kinasemewa. Hatudai kwamba jambo hilo ni baya lenyewe. Utaratibu huu ulikusudiwa kuweka ajira mahali ambapo ujamaa wa kujuana usingeweza kuingia kwa urahisi, na anayekumbuka malalamiko ya zamani kuhusu idara zilizojaza watu wa ukoo mmoja hatalidharau kusudi hilo. Lakini usawa huo una gharama ya kimtindo. Idara inayomhitaji mtu wa kufundisha ushairi wa tenzi haiwezi kusema inamhitaji kwa sababu gani. Inasema tu kwamba inahitaji mtu mwenye shahada ya Kiswahili.

Kitenzi cha kufungulia tangazo ni "kukaribisha", kitenzi cha ukarimu ambacho mwenyeji humwambia mgeni mlangoni. Baada ya hapo ukarimu hauonekani tena. Vitenzi vinavyofuata ni vya kuishia na -e, vile vya matakwa na amri: mwombaji awe na shahada fulani, awe raia, awe na umri usiozidi miaka 45, aambatishe vyeti, asiambatishe hati za matokeo. Takriri hii ya "awe" ndiyo mapigo ya utanzu wenyewe. Mwombaji ni kiima cha sentensi, ila hatendi chochote. Anatakiwa tu kuwa. Wala haambiwi "uwe". Anazungumzwa katika nafsi ya tatu, kana kwamba hayupo na haijulikani kama atakuja.

Neno lenyewe "mwombaji" linastahili kutazamwa. Kiswahili hutumia kitenzi kimoja, kuomba, kwa anayesali, anayesihi, anayenyoosha mkono barabarani na anayetaka kazi. Lugha nyingine zina maneno tofauti kwa vitendo hivi. Yetu imevikusanya, na mkusanyiko huo unaacha alama yake. Anayeomba kazi ya kufundisha chuo kikuu amekwishawekwa na lugha chini ya anayempa. Neno "nafasi" nalo lina maana ya mahali pa wazi, wakati na fursa. Tangazo la nafasi za kazi kwa hiyo ni tangazo la utupu, yaani linataja sehemu ambazo hazina watu. Hapa ndipo makala yamepata jina lake.

Vigezo vya kitaaluma vimewekwa kwa tarakimu. Mkufunzi msaidizi anatakiwa awe na wastani wa alama usiopungua 3.8 katika shahada ya kwanza. Mhadhiri msaidizi anatakiwa awe na 3.8 hiyo pamoja na wastani usiopungua 4.0 katika shahada ya umahiri. Tarakimu hizi zina fadhila yake, kwa kuwa hazijui kabila wala dini ya mtu. Tatizo lake ni la usimulizi. Zinamsimulia mtu kwa tukio moja lililotokea akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu, na tukio hilo halifutiki. Mwalimu aliyehitimu shahada ya kwanza kwa wastani wa 3.5, akafundisha miaka kumi, akapata umahiri kwa alama za juu, kisha akatetea tasnifu ya uzamivu mbele ya jopo, bado ni mtu wa 3.5. Katika fasihi tunamwita mhusika bapa yule asiyekua hadithi inapoendelea. Tangazo linawageuza wasomi wote kuwa wahusika bapa, na wale wachache walioanza vizuri ndio wanaonufaika na ubapa huo.

Sehemu ya mwisho ya tangazo, ile ya masharti ya jumla, inabadilisha sauti kabisa. Inakuwa sauti ya mshuku. Hati za matokeo hazitakubaliwa, vyeti vya nje vihakikiwe na mamlaka husika, atakayeghushi atachukuliwa hatua za kisheria. Sauti hii ina historia. Aprili 2017, Rais John Magufuli alipokea Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti iliyowataja watumishi wa umma 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi. Ni vigumu kulaumu maandishi yanayotahadhari baada ya idadi kama hiyo. Hata hivyo mtafiti anaona kwamba sauti ya mshuku imebaki katika utanzu kama ada, sawa na kibwagizo kinachoimbwa hata pale ubeti uliokizaa umesahaulika.

Kisha kuna suala la lugha. Matangazo ya halmashauri, kwa mfano ya kumtafuta Mtendaji wa Kijiji, huandikwa kwa Kiswahili. Matangazo ya wanataaluma wa vyuo vikuu kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, na hali ni hiyo hiyo hata pale nafasi inayotangazwa ni ya kufundisha Kiswahili kwa Kiswahili. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imefundisha kwa Kiswahili tangu ilipoanzishwa mwaka 1970. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili iliyoanza mwaka 1964 ikawa TATAKI mwaka 2009. UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa siku ya Kiswahili duniani mwaka 2021. Pamoja na hayo yote, mtu anayetaka kuwafundisha vijana uchambuzi wa methali huambiwa majukumu yake kwa lugha ambayo hatayatekelezea. Anayetaka kusimamia kijiji huambiwa kwa lugha ya kijiji. Hatusemi kwamba kuna mtu aliyekaa akapanga hivyo, na pengine ni mazoea ya kunakili muundo wa utumishi ulioandikwa kwa Kiingereza. Lakini matini haihitaji nia ya mtu ili iwe na maana. Maana yake hapa ni kwamba Kiswahili ni lugha ya kazi hadi ngazi fulani, na juu ya ngazi hiyo kinakuwa somo tu.

Taarifa ya uteuzi

Makamu Mkuu wa Chuo hajazi fomu ya mtandaoni kama mwombaji wa tangazo. Tukio la uteuzi wake hutufikia kwa utanzu mwingine kabisa, taarifa ya Ikulu, ambayo mara nyingi ina aya mbili au tatu. Rais amemteua fulani kuwa kiongozi wa chuo fulani. Kabla ya uteuzi huu fulani alikuwa mahali fulani. Anachukua nafasi ya fulani ambaye muda wake umekwisha. Uteuzi unaanza tarehe fulani. Kwa utanzu huu ndivyo taifa lilivyofahamu Desemba 2017 kwamba Profesa William Anangisye ameteuliwa kuongoza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Tukiweka matini hizi mbili bega kwa bega tunaona zimepinduliwa. Tangazo lina sifa nyingi na halina jina hata moja. Taarifa ina jina na karibu haina sifa. Katika tangazo mwombaji ni kiima asiyetenda; katika taarifa mteuliwa amefichwa ndani ya kitenzi, katika kiambishi kimoja -m- cha "amemteua", na kiima ni Rais. Tangazo lina wakati ujao usio na hakika; taarifa ina wakati timilifu, jambo limekwisha. Msomaji wa tangazo anaweza kulipinga kwa kutuma maombi ingawa hafikii kigezo, na wapo wanaofanya hivyo. Msomaji wa taarifa hana la kufanya isipokuwa kupongeza. Kwa hakika utanzu wa tatu, ule wa salamu za pongezi, umezaliwa hapo hapo, na ungehitaji makala yake.

Ukimya wa taarifa kuhusu sifa si uthibitisho kwamba sifa hazikuzingatiwa. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 na hati idhini za vyuo zina taratibu zake, na wengi walioteuliwa walikuwa maprofesa wenye rekodi ndefu. Hoja yetu ni ya kimatini: kadiri kiti kinavyokuwa juu ndivyo maelezo yanavyopungua. Historia ina mfano ulio wazi kuliko yote. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokuwa chuo kikuu kamili Julai 1970, Mwalimu Nyerere, ambaye alikuwa Rais na Mkuu wa Chuo, alimweka Pius Msekwa kuwa Makamu Mkuu wa Chuo. Msekwa alikuwa ametoka katika nafasi ya Katibu Mtendaji wa TANU. Wapo walioona ni busara ya kukifunga chuo kwenye azma ya taifa, na wapo walioona ni chama kuingia darasani. Mwaka uliofuata kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga, aliandika barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo akilalamikia namna maamuzi yalivyofanywa, akafukuzwa, na chuo kikaingia katika mgogoro unaobeba jina lake hadi leo. Kinachomvutia mhakiki ni kwamba uteuzi usio na maelezo ulijibiwa kwa barua. Palipokosekana sentensi za kueleza, wanafunzi waliandika zao.

Kiti cha Milansi

Katika masimulizi ya Wafipa, Ntatakwa ndiye mtawala wa kwanza, na Milansi ndiyo makao yake. Siku moja akaenda kuwinda. Alipokuwa porini walifika wanawake watatu wageni, na mke wa Ntatakwa akawaachia kiti cha utawala. Aliporudi alikuta kiti kimekaliwa. Hakukuwa na vita. Palifanyika mapatano: wageni, ambao ndio chimbuko la ukoo wa Watwachi, wakachukua utawala wa nchi, na Milansi ikabaki na heshima ya ukale na mamlaka ya kimatambiko. Kutokana na Watwachi zikaja dola za Nkansi na Lyangalile. Jina la Milanzi linaishi leo kama kata ndani ya Manispaa ya Sumbawanga, sawa na Mazwi. Mtu anaweza kutoka kata moja hadi nyingine bila kuondoka katika manispaa, jambo ambalo wasomaji wa vitabu vya Ulaya kuhusu kisa hiki hawana namna ya kulihisi.

Uchambuzi unaojulikana zaidi ni wa Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960 na kuuchapisha katika makala ya mwaka 1967 na baadaye katika kitabu cha mwaka 1981. Willis alikisoma kisa kwa jozi za ukinzani. Milansi ni kichwa, Watwachi ni kiuno. Kichwa ni akili, mamlaka na upande wa juu, kiuno ni nguvu, uzazi na upande wa chini. Nchi inahitaji vyote viwili. Ni usomaji wenye nguvu, na ulimsaidia kwenda mbele ya umuundo wa Lévi-Strauss aliouanzia, kwa kuonyesha kwamba Wafipa wenyewe waliuona ukinzani huo kama mwendo wa historia. Udhaifu wake, kwa maoni yetu, ni kwamba jozi hizi zinatufanya tutazame waliokalia kiti na kukisahau kiti chenyewe. Pia zinamwacha mke wa Ntatakwa bila upande. Yeye si mgeni, wala si mtawala. Yupo kati ya kichwa na kiuno, na ndiye pekee katika kisa kizima anayefanya tendo la kuajiri.

Tukikisoma kisa kama kisa cha uteuzi, mambo kadhaa yanajitokeza. Kiti kina nguvu kuliko sifa: hakuna anayeulizwa kama wageni wanastahili. Kuwapo ndiko kunakoamua, na methali inayosema asiyekuwapo na lake halipo ingeweza kuwa ubao wa kaburi la utawala wa Ntatakwa. Lakini kisa hakiishii hapo, na hili ndilo ambalo matini zetu mbili za kisasa hazina. Baada ya kiti kupotea, kuna mazungumzo. Aliyeondolewa hafutwi, anapewa eneo, kazi na heshima inayotambuliwa na aliyempokonya. Uteuzi wa Milansi una mabaki, na mabaki hayo yana jina. Katika taarifa ya Ikulu mtangulizi hupata kishazi kimoja. Katika tangazo la ajira hatajwi kabisa, kwa kuwa nafasi inahesabiwa kuwa tupu tangu mwanzo.

Hapa linafaa neno la pembeni kuhusu "kigoda". Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzisha mwaka 2008 nafasi ya heshima ya kitaaluma kwa jina la Mwalimu Nyerere, na Issa Shivji akawa wa kwanza kuikalia, hakikuiita ofisi wala kurugenzi. Kiliiita Kigoda. Chaguo hilo lilikuwa zuri kuliko walivyodai wenyewe. Kigoda ni kiti cha chini, cha mwenyeji, cha mzee anayesimulia. Aliyekaa juu yake hayuko juu ya wanaomsikiliza. Ni mara chache Kiswahili cha taasisi zetu kimepata neno la madaraka lisilompandisha mtu, na inashangaza kwamba halikuigwa kwingine.

Mwalimu wa Mazwi na waraka wa 2010

Turudi kwenye masharti ya jumla, maana ndipo kisa cha Milansi kinapotusaidia kuona kitu ambacho usomaji wa haraka unakipita. Masharti hayo, kama yalivyorudiwa katika matangazo mengi ya Kiswahili kwa miaka mingi, yanamgusa mtumishi wa umma mahali patatu. Kwanza, kikomo cha miaka 45 kinamwondoa yule ambaye tayari yumo serikalini: yeye anaruhusiwa kukizidi. Mahali pengine anaelekezwa apitishe barua yake ya maombi kwa mwajiri wake. Halafu kuna sharti linalosema kwamba waombaji ambao tayari ni waajiriwa katika nafasi za kuingilia, walioko katika utumishi wa umma, wasiombe, na wazingatie Waraka Na. CAC. 45/257/01/D/140 wa tarehe 30 Novemba 2010.

Sentensi hii ya mwisho ina utata wa kisarufi ambao mwanafunzi wa sintaksia angefurahi kuupata katika mtihani. Kirai "katika nafasi za kuingilia" kinaelemea wapi? Kikielemea "waajiriwa", anayekatazwa ni mtu aliyemo sasa katika ngazi ya kuanzia kazi, na mwalimu aliyekwisha kupanda madaraja mara mbili au tatu yuko huru kuomba. Kikisomwa kuwa kinaelemea "wasiombe", anayekatazwa ni mtumishi yeyote anayetaka kuingia upya kwa ngazi ya kuanzia, na kwa kuwa nafasi za mkufunzi msaidizi na mhadhiri msaidizi ndizo milango ya kuingilia kazi ya chuo, mwalimu huyo huyo amefungiwa. Usomaji wa kwanza unapatana na sharti la umri na sharti la barua. Wa pili unayafanya masharti hayo kuwa mapambo kwa kila anayeomba ngazi hizo. Namba ya waraka haimalizi utata, kwa sababu tangazo linarejelea waraka bila kuunukuu. Mwingilianomatini wa kawaida humtajirisha msomaji kwa matini ya pili. Huu unamwambia kwamba matini ya pili ipo, na kwamba jibu lake liko humo.

Kinachofuata kinaeleweka. Mwalimu mwenye shahada ya uzamivu ya fasihi ya Kiswahili, anayefundisha kidato cha tatu karibu na soko la Mazwi, anasoma tangazo na kuamua kwa tahadhari kwamba yeye si mlengwa. Kuna njia nyingine, ile ya uhamisho na ya kubadilishiwa kada, ambayo hupitia kwa mwajiri wa sasa na mwajiri mtarajiwa na vibali kati yao. Njia hiyo si ya tangazo. Ni ya barua, na hutegemea kujua nani wa kumwandikia. Kwa maneno mengine, mtumishi aliyefungiwa mlango uliowekwa ili kuzuia kujuana huelekezwa kwenye mlango ambao kujuana ndiko kunakoufungua. Hatujui sehemu nyingine ya mfumo wa ajira ambapo maandishi yamekwenda kinyume cha kusudi lake kwa ukamilifu kama huu.

Suala hili lina uzito mpya Rukwa. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kimeweka kampasi mjini Sumbawanga, na kwa mara ya kwanza mkazi wa hapa anaweza kuona chuo kikuu cha umma cha masomo ya ana kwa ana bila kupanda basi. Kampasi hiyo inatazama zaidi sayansi, teknolojia na biashara, hivyo si kwamba mwalimu wetu wa fasihi angepata kiti hapo kesho. Ila wapo walimu wa fizikia, hisabati na uhasibu walio katika hali yake. Nafasi za kampasi hiyo hutangazwa kwa utaratibu ule ule wa kitaifa, na hilo ni sahihi; chuo cha umma si mali ya mkoa. Wafipa, ambao masimulizi yao yanaanza na wageni kuachiwa kiti, wangekuwa watu wa mwisho kudai kwamba mgeni asikalie. Kinacholalamikiwa ni kidogo zaidi na kinarekebishika kwa kalamu: kwamba aliyekuwapo siku zote anasomwa kama mtu aliyekwenda kuwinda.

Marekebisho yenyewe si makubwa. Sharti linalotegemea waraka linaweza kunukuu aya ya waraka inayohusika. Sentensi yenye kirai kinachoning'inia inaweza kugawanywa mara mbili, moja ya anayekatazwa na moja ya anayeruhusiwa. Kigezo cha 3.8 kinaweza kubaki kwa mkufunzi msaidizi, ambaye hana rekodi nyingine, na kulegezwa kwa aliyekwisha kutetea tasnifu, ambaye rekodi yake mpya iko maktabani kwa yeyote kuisoma. Na tangazo la nafasi ya kufundisha Kiswahili linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Pendekezo hili la mwisho ndilo lililopingwa zaidi na wenzetu katika semina, kwa hoja kwamba majina ya vyeo hayajasanifiwa: mwingine huandika "mkufunzi msaidizi" mahali ambapo mwenzake huandika "mwalimu msaidizi", na "profesa mshiriki" hutamkwa kwa mashaka. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini kazi ya kusanifu majina hayo ni ya nani, kama si ya idara zilezile ambazo viti vyake vinatangazwa kwa Kiingereza?

Limebaki jambo la mke wa Ntatakwa, ambalo uchambuzi wa Willis haukulimaliza na makala haya hayawezi kulimaliza. Aliwaachia wageni kiti, na tangu hapo kila usomaji umemtazama kama mlango ambao wengine walipitia. Katika mfumo tulioujadili nafasi yake imechukuliwa na ofisa wa masjala anayefungua bahasha au, siku hizi, na mfumo wa mtandaoni unaokataa fomu ambayo kisanduku chake kimoja hakijajazwa. Tofauti ni kwamba Ntatakwa aliporudi kutoka mawindoni alimkuta mtu wa kuzungumza naye.